Chokaa, Saruji na Ruhusa ya Mji Mkongwe

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha hewa, hivyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata pa kutokea. Mwenye nyumba akipiga plasta ya saruji, maji hunaswa ndani. Plasta huvimba, hubanduka vipande vipande, na boriti za mikoko zinazobeba dari huanza kuoza kwenye ncha zake, mahali jicho lisipofika.

Ndiyo maana kuomba ruhusa kabla ya kugusa sura ya nje ni jambo la usalama pia, mbali na uzuri. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina kila sababu ya kumzuia anayetaka kung'oa mlango wa nakshi au kuongeza ghorofa.

Ila ukali huo uanzie juu. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo mikononi mwa serikali, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wakafa. Hoteli za ufukweni nazo zikaguliwe hadi dirisha la mwisho.

Familia inayoishi vyumba viwili kwenye kichochoro ina shida nyingine: saruji inauzwa kila duka, fundi wa chokaa ni wa kutafutwa. Inapokatazwa saruji, ielekezwe hapo hapo kwa fundi huyo, ombi lake la ruhusa lijibiwe kabla masika hayajaingia, na isaidiwe gharama.