Mchoma Mkaa Hajakosa Elimu

"Tatizo kubwa la wananchi wetu ni kukosa elimu ya mazingira." Sentensi hii nimeisikia kwenye warsha, redioni, na hata kwenye mahubiri. Safari hii nimeshindwa kuinyamazia. Aliisema mgeni rasmi mmoja mwezi uliopita, usiku, kwenye uwanja wa sekondari ya kata yetu, baada ya wanafunzi na wanakijiji kuonyeshwa filamu kuhusu ukataji wa misitu. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Shuka jeupe lilifungwa kati ya mikorosho miwili. Jenereta lilinguruma hata waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili yalipita chini mbiombio, na akina bibi waliokalia kanga mbele hawakuambulia hata mstari mmoja. Tuliona barafu ikimeguka baharini. Tuliona msitu wa Amazon ukiteketea. Msitu wa nyuma ya shule yetu haukuonekana.

Filamu ilipokwisha, kijana mwenye kipaza sauti alimfuata bibi mmoja: "Bibi, leo umejifunza nini?" Bibi huyo namfahamu. Anachoma mkaa tangu mumewe afariki. Alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akajibu: "Mwanangu, hiyo miti naijua. Mninga huku ulikwisha kabla kitinda mimba wangu hajazaliwa. Sasa nimefika kwenye miembe yangu mwenyewe. Nipe kazi nyingine, kesho asubuhi naacha." Kijana akamshukuru, akapeleka kipaza sauti kwa mwingine.

Jibu la usiku ule lilikuwa hilo, na hakuna aliyelisikiliza.

Anayeishi na kitu anakijua. Nimekaa na bibi yule kwenye tanuri lake. Anapanga magogo, anafunika majani, kisha udongo, anaacha matundu ya kupumulia. Halafu halali. Moshi ukiwa mweupe na mzito, anajua maji bado yanatoka kwenye kuni. Ukigeuka mwepesi wa buluu, anajua mkaa unaiva na ni wakati wa kuziba matundu. Akichelewa, anavuna majivu. Anajua mti gani unatoa mkaa mzito na upi unaishia kuwa vumbi. Anajua kijito kipi kimekauka na kilikauka baada ya kilima kipi kunyolewa. Mtu anayesoma moshi gizani, mnamwambia hana elimu?

Anachokosa ni kipato kingine. Na gunia lake halibaki kijijini. Linapanda lori usiku kwenda mjini, kwenye majiko ya mama lishe, chipsi na nyama choma. Mbona shuka jeupe halifungwi huko mjini, Masaki? Mbona wanaonunua mkaa hawaulizwi wamejifunza nini?

Ugonjwa huu ni wa zamani. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliweka kituo cha sinema Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakatengeneza filamu zaidi ya 30 za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya, kulipa kodi na kuweka akiba posta. Walizitembeza kwa lori kijiji hadi kijiji. Wazo lao lilikuwa lilelile: hawa hawajui, tuwaonyeshe. Mkoloni ameondoka, lori limebaki.

Na nani alikuwa hajui? Mwaka 1955 Waluguru wa Morogoro walikataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kwa jina la kuhifadhi udongo. Waliitwa wakaidi. Lakini matuta yale yaliwala siku zao za kazi na kufukua juu udongo usio na rutuba. Mkulima aliujua mlima wake kuliko bwana shamba aliyemsimamia. Mtu mmoja aliuawa Matombo katika ghasia za mwaka huo.

Tazameni pia filamu ya Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, na mwanawe kuhusu Serengeti, iliyotoka 1959 na kushinda tuzo ya Oscar. Dunia nzima ikaijua Serengeti. Mwaka huohuo Wamasai waliokuwa wakichunga humo walitakiwa kuhama, wakapelekwa Ngorongoro. Picha za wanyama zilizunguka dunia. Wenye ng'ombe waliokuwa wakiishi nao hawakupewa kipaza sauti. Filamu ya mazingira isiyomsikiliza mkazi ndivyo inavyomtenda.

Kuna wanaosema vijana wetu hawapendi filamu za mazingira, wanataka ngumi na bunduki tu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Ingieni kibanda umiza siku yoyote. Vijana wanatoa hela yao mfukoni, wanabanana kwenye mabenchi, jasho linawatoka, wanafuatilia sinema ya Kichina kwa saa mbili, kwa sababu kuna mtu anawasimulia kwa Kiswahili chao. Kijana anayevumilia joto lile hashindwi kutazama habari ya mto wake. Hajawahi kuonyeshwa.

Penye nia inawezekana. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, Kenya, alishika kamera mwenyewe. Alirekodi familia yake, ukame, mvua, na dhoruba iliyobomoa nyumba yake. Kazi hiyo, aliyoifanya pamoja na Julia Dahr wa Norway, ilitoka 2017 kwa jina Thank You for the Rain. Hakusubiri kuulizwa amejifunza nini. Alisema anachokijua.

Na niseme hili nalo, maana limenikaa kooni. Mgeni rasmi alifika saa mbili baada ya muda uliotangazwa, watoto wakisinzia kwenye nyasi. Meza kuu ilijaa chupa za maji za plastiki, na asubuhi nilizikuta palepale chini ya mikorosho. Posho zililipwa usiku uleule. Bibi alirudi kwake kwa miguu.

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema. Litafikiwa mtungi wa gesi ukipatikana kwa bei anayoimudu mama lishe, na bibi yule akipata shughuli nyingine ya kumlisha. Shuka kati ya mikorosho halitalifikisha.

Walimu, na ninyi mnaopita na majenereta: mkija tena, wapeni kidato cha pili simu yenye kamera, muwapeleke kwenye tanuri. Bibi awasimulie kwa lugha yake. Kisha filamu hiyo ionyeshwe mjini, kwa wanunuzi, na mwishoni kipaza sauti wapewe wao. Waulizwe wamejifunza nini.