Kilindini sio bandari tu, ni watu: Vile jina lilibaki kwa ramani na ardhi ikaenda

Ukisikia "Kilindini" unafikiria nini? Makontena. Kreni. Malori yamepanga foleni hadi Changamwe. Labda binamu yako mwenye alikuwa anatafuta kibarua huko na akaambiwa arudi wiki ijayo. Fiti. Lakini kabla meli kubwa hazijakuja, kulikuwa na mji unaitwa Kilindini, upande wa kusini magharibi wa kisiwa cha Mombasa, na ulikuwa na watu wake: Wakilindini. Jina linatoka kwa kilindi, maji marefu. Mji uliisha. Watu wako. Na stori yao inafaa kukuguza, hata kama wewe ni wa Bamburi, Kayole ama Kondele.

Kwanza tupeleke macho mbali kidogo, Marekani. Huko kuna majimbo 2 yanaitwa Dakota, ya Kaskazini na ya Kusini. Watu wengi wanajua Dakota kama jimbo, kama vile wewe unajua Kilindini kama bandari. Kumbe Dakota ni watu, na ndugu zao wa damu ni Walakota, wale wapanda farasi wa nyika waliokuwa wanawinda nyati. Neno lenyewe linamaanisha marafiki, washirika. Serikali ilichukua ardhi, ikabakisha jina, ikaliandika kwa ramani. Hiyo mbinu ishakaa kwa kichwa? Sasa turudi nyumbani.

Mataifa 12 ya Mvita

Wazee wa Mji wa Kale wakisema "Thenashara Taifa" wanamaanisha mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa. Yamegawanyika mara mbili. Kuna Tisa Taifa, wenye ndani yao wako Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wapate na wengine. Halafu kuna Thelatha Taifa, yaani mataifa 3: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Ndio, Changamwe. Hiyo steji unashukia matatu ni jina la watu pia.

Kila upande ulikuwa na kiongozi wake anaitwa tamim. Hawakuwa wanaishi kisiwani kama wamejifungia. Walikuwa na mikataba na majirani Wamijikenda wa bara: biashara, ulinzi, ndoa, msaada wakati wa njaa. Thelatha Taifa walikuwa karibu sana na Wadigo na Waduruma. Kwa hivyo mtu akikuambia Waswahili na Wamijikenda ni maadui tangu zamani, mwambie atulie kwanza, asome.

Mwaka wa 1837 Seyyid Said, sultani wa Oman aliyekuwa amehamishia nguvu zake Zanzibar, alichukua Mombasa kutoka kwa Wamazrui. Ni katika kipindi hicho watu wa Kilindini waliacha mji wao wakahamia ndani ya mji mkuu, upande wa Kibokoni na Kuze. Mji wa maji marefu ukabaki mahame.

Karatasi zilianza kuongea

Miaka karibu 60 baadaye, Mwingereza akafika na kalamu. Desemba 1895 aliandikiana mkataba na Sultani wa Zanzibar: ukanda wa pwani wa maili 10 usimamiwe na Uingereza, lakini ubaki kwa jina mali ya Sultani. Wenye walikuwa wanaishi hapo hawakuwa mezani. Mwaka uliofuata, 1896, reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, na yale maji marefu ya Kilindini yakawa dhahabu. Gati za kwanza za meli kubwa zilifunguliwa 1926.

Katikati ya hiyo miaka kuna mwaka mmoja wenye vijana wa Pwani wanafaa kuujua kama tarehe ya kuzaliwa: 1908. Hapo ndio sheria ya hati za ardhi ya Pwani ilipitishwa. Ilisema hivi kwa kifupi: kama una ardhi, kuja uthibitishe. Ukishindwa, ni ya serikali ya mfalme. Ukiisikia haraka inakaa poa. Shida ni kwamba ilikuwa imetengenezewa mtu mmoja mmoja mwenye karatasi, mwenye anajua ofisi iko wapi na ana doh ya kufuatilia. Taifa zima lenye linasema "hapa ni petu sote, babu zetu wamezikwa hapa" halikuwa na sanduku la kuweka tiki. Mmijikenda wa bara ndio hata zaidi.

Matokeo yake unayaona leo bila kusoma kitabu. Nenda Majengo. Utapata mzee amejenga nyumba yake, amelea watoto na wajukuu ndani, lakini kiwanja chini ya hiyo nyumba ni cha mtu mwingine, na kila mwezi lazima alipe kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi. Ni vigumu kumweleza mtu wa bara hiyo kitu akaelewa mara ya kwanza.

Halafu uhuru ukakaribia. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana ukanda wa maili 10 uingie Kenya. Mkataba ukaahidi dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokuwepo ziheshimiwe. Soma hapo tena: hati zilizokuwepo. Mwenye alikosa karatasi 1908 alikosa tena 1963.

Walakota walikataa pesa

Walakota wao walikuwa na karatasi, na bado wakapigwa. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia milima ya Black Hills, yenye kwao ni mahali patakatifu. Mwaka wa 1874 dhahabu ikapatikana. Kufikia 1877 milima ilikuwa imeenda. Ilichukua hadi 1980 kwa mahakama kuu ya Marekani kukubali walidhulumiwa, na kuamua walipwe zaidi ya dola milioni 100. Unajua walisema nini? Zii. Hatukuuza, kwa hivyo hatuwezi chukua bei. Hiyo pesa imekaa ikizaa riba mpaka imepita dola bilioni 1, na kati yao kuna watu maskini kabisa. Bado hawajaigusa.

Kuna mtu atasema: lakini hata Walakota walihamia huko, walisukuma makabila mengine. Ni kweli. Na hata Wakilindini wana masimulizi ya kutoka kwingine, na kwa historia ya Pwani kuna utumwa ndani, na Wamijikenda wana machungu yao kwa mabwana ardhi Waarabu na Waswahili. Hakuna mtu msafi kabisa hapa. Ndio maana swali la "nani alifika kwanza" halitatufikisha popote, litatufanya tu tupigane wenyewe kwa wenyewe wakati wa kampeni. Swali lenye lina maana ni: nani aliulizwa? Mkataba wa 1895, sheria ya 1908, barua za 1963, zote ziliamua mambo ya watu wenye hawakuwa chumbani.

Ibada yenye haikupigwa marufuku

Serikali ya Marekani ilijua dini ndio uti wa mgongo. Mwaka wa 1883 ilitoa kanuni za kupiga marufuku Ngoma ya Jua ya Walakota. Walifanya kwa siri, na sheria ya kulinda dini zao ilikuja 1978. Marufuku ilishindwa kuua ibada.

Mombasa tuko na Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa kale wa Waswahili unaofuata jua. Ng'ombe anazungushwa mji, dua zinasomwa, anachinjwa, watu wanakula pamoja. Inahusishwa na kaburi la Shehe Mvita, mwenye kisiwa kinaitwa kwa jina lake. Kuna masheikh wanaona ni bidaa, na huo ni mjadala halali wa wenyewe. Lakini hakuna askari amewahi kutumwa kuizima. Kama inapungua, inapungua kwa sababu sisi tuko busy na simu. Marufuku inaleta ukaidi. Kupuuzwa kunaleta usingizi.

Namba 611, halafu?

Mwaka wa 2022 Waswahili walipata namba yao rasmi kwa orodha ya makabila ya Kenya, 611. Kabla ya hapo, mtu mwenye lugha yake inaongewa na nchi nzima alikuwa anawekwa chini ya "wengineo". Watu walisherehekea, na walikuwa na haki.

Lakini usichanganye kutajwa na kurudishiwa. Dakota imetajwa kwa majimbo 2 na haijarudishiwa milima. Kilindini imetajwa na kila nahodha anayetia nanga Mombasa. Ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano ilitoka 2013 ikaeleza dhuluma za ardhi Pwani, ikawekwa kabatini. Sheria ya 2016 ikawapa Wakenya miaka 5 tu kupeleka malalamishi ya kihistoria kwa Tume ya Ardhi. Hiyo 5 iliisha 2021, wengi wakiwa hata hawajasikia mlango ulikuwa wazi. Ni 1908 tena, ila saa hii ilikuwa na tovuti.

Kwa hivyo ukiona notisi ya upimaji wa ardhi mtaani kwenu, usiipite ukidhani ni ya wazee. Piga picha, uliza, nenda kwa kikao. Muulize nyanya kaburi la babake liko wapi na nani anaweza kushuhudia, umrekodi kabla hajaenda na hiyo stori. Na mwanasiasa akija kukuambia adui wako ni jirani, muulize alifanya nini kabla ya 2021.

Meli itaendelea kuingia Kilindini usiku na mchana. Haina shida. Shida ni kijana wa Kilindini kusimama getini na barua ya kuomba kazi, akiulizwa: "Kwani wewe ni wa wapi?"