Mbona Lazima Afe Mwishoni?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zimenibana. Leo kuna jambo limenikaa kooni nikaona bora nilitoe hapahapa. Najua wengine mtanitukana. Haya, tukaneni, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kibanda umiza kimoja huku kwetu Segerea. Nilifuata mpira. Umeme ukakatika, uliporudi mpira umeshakwisha, jamaa akaweka muvi ya Kibongo. Mara katokea yule mhusika mnayemjua wote: mwanaume kajipaka poda, kabana sauti, mkono unazunguka hewani. Kibanda kizima kicheko! Watoto wa shule ya msingi wamekaa chini mbele kabisa, wanacheka kutushinda sisi wakubwa. Hakuna aliyetamka neno maadili. Hakuna aliyewatoa watoto nje. Mwisho yule bwana akaumwa, akakonda, akafa. Mama yake akalia, muziki wa huzuni ukapigwa, tukatoka.

Njiani nikawa najiuliza, hivi tunachokataza ni kitu gani hasa? Maana kumwonyesha shoga hatukatazi. Kumcheka ruksa. Kumlaani ruksa. Kumzika ndiyo ruksa kabisa! Kinachokatazwa ni kimoja tu: mtu wa namna hiyo apende, apendwe, na muvi iishe akiwa hai.

Nina sababu ya kuuliza. Nina rafiki yangu, jina simtaji wala mtaa simtaji. Alizaliwa akaandikwa mtoto wa kike. Tangu ukubwani anaishi kama mwanaume, vijana wa kijiweni wanamwita kaka na wengi hawajui lolote zaidi. Na anampenda mwanaume. Ndiyo, rudia kusoma taratibu. Watu kama yeye wanaitwa wanaume transijenda, na kama wanaume wengine wote, wapo wanaopenda wanawake na wapo wanaopenda wanaume. Siku moja akaniambia, "Kaka, wewe mwandishi, muvi unaangalia nyingi. Ipo hata moja, hata ya dakika kumi, ambayo mtu kama mimi ana mpenzi wake na hafi?"

Nikakosa jibu. Yule wa poda angalau yupo, japo ni wa kuchekwa. Huyu wangu hayupo kabisa. Hata kuchekwa hajafikia.

Nikaanza kutafuta. Nikaenda mpaka Marekani ndipo nikapata. Mwaka 2016 mwongozaji Rhys Ernst alitoa mfululizo wa filamu fupi uitwao We've Been Around, na moja inamhusu Lou Sullivan. Huyu alizaliwa mwaka 1951, mwanaume transijenda aliyependa wanaume. Kliniki zilimkatalia matibabu kwa sababu hiyohiyo: kama unapenda wanaume, walimwambia, ya nini kuwa mwanaume? Hakukubali. Aliendelea kupigania jambo hilo mpaka akatibiwa, akaanzisha kikundi cha wenzake, akafa kwa UKIMWI mwaka 1991. Ndiyo, naye alikufa. Lakini alikufa kama binadamu anavyokufa, baada ya kuishi na kupenda. Hakufa ili watazamaji wapate funzo.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Sawa, turudi nyumbani.

Jirani zetu Kenya, mwaka 2013, kundi la wasanii la The Nest la Nairobi lilianza kukusanya simulizi za sauti za mashoga, wasagaji na watu transijenda nchini humo. Kutokana nazo Jim Chuchu akaongoza filamu fupi tano, nyeusi na nyeupe, zikaunganishwa zikaitwa Stories of Our Lives. Moja inaitwa Athman. Wafanyakazi wawili wa shamba, Ray na Athman, marafiki wa muda mrefu, na Ray moyo wake umeshaenda kwa mwenzake. Basi! Ndiyo hadithi yote. Moyo kuuma, kama wako ulivyowahi kuuma. Septemba 2014 ikaoneshwa Toronto. Oktoba bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, ikidai inaeneza ushoga, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa.

Halafu ikaja Rafiki ya Wanuri Kahiu, mwaka 2018. Wasichana wawili wa Nairobi wanapendana. Wanapigwa, wanatenganishwa, yote yamo. Ila mwishoni kuna tumaini dogo, mkono begani, basi. Kahiu mwenyewe ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Akakataa. Ikapigwa marufuku Aprili mwaka huohuo, na Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu. Mmeona wenyewe? Kipigo hakikuwasumbua. Kilichowasumbua ni tumaini.

Sasa nawasikia. "Watoto wataona!" Ndugu yangu, daraja la miaka 18 limewekwa kwa kazi hiyo. Na kama kweli watoto wanakuuma, njoo kibandani saa tatu usiku uone wanavyoangalia watu wakichinjwa.

"Siyo utamaduni wetu!" Neno shoga ni la pwani, mwanamke alimwita hivyo rafikiye kabla halijageuzwa tusi. Gill Shepherd aliandika kuhusu mashoga wa Mombasa mwaka 1987. Uganda, Victor Mukasa, mwanaume transijenda, nyumba yake ilivamiwa mwaka 2005 na mwenyekiti wa mtaa. Akaenda mahakamani, na Desemba 2008 Mahakama Kuu ikasema haki zao, yeye na mgeni wake, zimevunjwa, walipwe fidia. Mkampala huyo, siyo Mzungu. Kilicholetwa na Mzungu ni kifungu cha sheria.

"Sheria hairuhusu!" Hapo mna hoja, sitajifanya mjinga. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tangu tulipokikaza wenyewe mwaka 1998, ni miaka 30 mpaka maisha. Napita karibu na gereza la Segerea kila siku, sihitaji kukumbushwa. Na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla hujawasha kamera. Lakini 154 inazungumzia tendo. Haisemi popote kwamba mtu akionekana kwenye kioo kamshika mwenzie mkono, lazima afe kabla majina hayajapanda. Hiyo tumeongeza sisi.

Mnaona ni mambo ya muvi tu? Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wetu, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Serikali ikasema huo ni msimamo wake binafsi. Lakini maneno yalishafika mitaani. Siku zile mama mwenye nyumba alimpa rafiki yangu siku mbili ahame. Hakuwahi kumkosea, kodi alilipa kwa wakati, maji alimchotea. Alipouliza sababu akajibiwa, "Watu kama nyie mnajulikana." Mnajulikana wapi? Mama yule hakuwahi kukaa na mtu wa hivyo akijua. Alichokijua kilitoka kwenye kioo, yule wa poda anayekufa.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Bongo Movie, siwaambii mwende jela. Najua mna familia. Nawaomba kitu kidogo ambacho hakihitaji kibali cha mtu: acheni kumuua. Kama hamwezi kumpa mpenzi, mpeni basi kazi, mpeni mama anayempenda, mpeni nauli apande daladala arudi kwake salama. Na wewe kijana mwenye simu na hadithi ya dakika kumi, iandike. Iweke sandukuni kama hapana budi. Lakini iandike.

Rafiki yangu bado anasubiri jibu. Safari hii nimemwambia, "Bado haijatengenezwa, kaka. Lakini itakuja." Akacheka. "Basi akija huyo wa kuitengeneza," akasema, "mwambie mwishoni tule chipsi."

Naomba kuwasilisha. Matusi na hoja vyote karibuni, ila hoja zitangulie.