Elimu ya Ubongo Haitaki Ubao Mtupu

Katika vyuo vikuu vyetu vingi vya Afrika ya Mashariki, ifikapo zamu ya ubongo na mishipa ya fahamu, mwanafunzi wa elimu ya viumbe huichora chembe ya neva kwa kalamu ya risasi, akayahifadhi majina ya sehemu zake, akafaulu mtihani na kuhitimu, ilhali hajapata hata siku moja kuisikia neva ikifanya kazi yake. Udhuru utolewao ni ufukara, kwamba vyombo vya elimu hii ni ghali na maskani yake ni Ulaya na Marekani. Mimi niishiye Gahanna, ubavuni mwa Columbus katika jimbo la Ohio, siukubali udhuru huo.

Ni kweli kwamba huku vyombo vipo. Kule Buffalo alifanya kazi John Eccles tangu 1968 hata 1975, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya 1963 kwa utafiti wa umeme wa neva. Na huko Louisville, mwaka 2011, Susan Harkema na wenziwe walitangaza kwamba kijana aliyepooza tangu kifuani kwenda chini aliweza kusimama kwa msaada wa umeme uliopitishwa kwenye uti wake wa mgongo. Kazi kama hizo zataka mali nyingi, lakini haja ya mwalimu ni ndogo kuliko haja ya mtafiti. Greg Gage na Tim Marzullo, waliosoma Chuo Kikuu cha Michigan, walianza mwaka 2009 kuunda kisanduku cha bei nafuu ambacho, sindano zake zikichomwa katika mguu wa mende, huugeuza umeme wa neva kuwa sauti, darasa zima likaisikia. Na mende haagizwi kutoka ng'ambo.

Bora zaidi ya mende ni yule nzi mdogo wa matunda arukaye juu ya embe lililoiva kupita kiasi. Thomas Hunt Morgan, mzaliwa wa Lexington, Kentucky, si mbali na Louisville, aliwafuga nzi hao New York katika chupa za maziwa kwa kuwalisha ndizi, na kwa nzi mmoja mwenye macho meupe aliyemwona mwaka 1910 akafungua mlango wa elimu ya urithi uliompatia Nobel ya 1933. Asili ya nzi huyo ni Afrika, katika nyika za kusini ambako hula matunda ya mng'ongo. Mwaka 2024 ramani kamili ya ubongo wake ilichapishwa, chembe za neva takriban 140,000, ilhali ubongo wa binadamu unazo kama bilioni 86.

Wala sisemi mambo ya kudhania tu. Mwaka 2011, huko Ishaka, magharibi ya Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, Sadiq Yusuf, Lucia Prieto-Godino na Tom Baden walianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika elimu ya neva kwa nzi hao hao.

Faida ya elimu hii si ya darasani peke yake. Kule Mahenge, Tanzania, ambako tabibu Louise Jilek-Aall alifungua zahanati ya kifafa mwaka 1960, maradhi hayo yamewaandama watu kwa miaka mingi, na katika nchi zetu wamo hata leo wanaomwacha mgonjwa aliyeanguka motoni aungue, kwa kuhofu kwamba mate yake huambukiza. Basi wapo nzi wa nasaba maalumu ambao, chupa yao ikitikiswa kwa nguvu, huanguka na kutetemeka kwa mtafaruku wa umeme katika neva zao, kisha wakainuka. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake, akajua kasoro iko katika chembe gani, hatamwogopa tena ndugu yake mwenye kifafa, wala hatanyamaza kijijini atakaposikia akisingiziwa majini.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo vyetu watenge chumba kimoja, chupa kadhaa na hadubini chache, na nawaomba wenzangu wa Columbus, Louisville na Buffalo wenye elimu hii waitoe likizo moja ya kiangazi, waende wakafundishe.