Hubirini Amani, Lakini Mumhubirie Nani?



Kila uchaguzi ukikaribia kwetu, Bara na Visiwani, viongozi wa dini hupewa amri mbili kwa pamoja. Ya kwanza: hubirini amani. Ya pili: msichanganye dini na siasa. Jee, amani ya nchi si siasa? Au inakuwa dini pale anapoambiwa mpiga kura, na inakuwa siasa pale anapoambiwa mwenye bunduki?

Nilikwenda na swali hili Leipzig, mashariki ya Ujerumani, kulitazama Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mimi ni Muislamu wa Unguja, sikwenda kusali. Ni kanisa la tangu karne ya 12, na ndani nguzo zake nyeupe zimechanua juu kama makuti ya mtende. Humo, Ijumaa Kuu ya mwaka 1724, Johann Sebastian Bach alipiga kwa mara ya kwanza muziki wake mkubwa wa mateso ya Yesu kwa Injili ya Yohana. Wageni wengi huja kwa ajili ya Bach. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mwaka 1989.

Wakati huo Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki, na chama kilichotawala hakikuwa na haya mbele ya nyumba za ibada. Mei 30, 1968 kanisa la chuo kikuu la mji huohuo liliripuliwa kwa baruti. Hata hivyo, tangu 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, Nikolai ilifanya sala ya amani, na mlango ulikuwa wazi kwa wote. Wengi walioingia hawakuwa hata Wakristo. Walikuwa watu waliotaka ruhusa ya kuhama nchi, vijana, na jamaa za waliofungwa. Watu walipokamatwa, wenzao waliwawekea maua na mishumaa madirishani.

Oktoba 9, 1989 chama kilituma mamia ya makada wake kwenda kujaza viti vya kanisa. Mchungaji Christian Führer hakuwafukuza. Walikaa wakasikiliza. Sala ilipokwisha, watu wapatao 70,000 waliandamana mjini, na askari walikuwa tayari wamepangwa. Haikupigwa hata risasi moja. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguka.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wahubiri wetu wa amani huiruka. Jioni ile vipaza sauti vya mji vilitoa tamko la kuomba utulivu na mazungumzo. Lilisomwa na Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, na waliolitoa walikuwa sita: yeye, mwanatheolojia, msanii wa vichekesho, na makatibu watatu wa chama tawala. Makatibu watatu wa chama! Amani ya Leipzig haikuletwa na raia watulivu peke yao. Ililetwa pia na watu wa upande wa dola walioamua kwamba damu ya wananchi si bei ya kubakia madarakani.

Sisi Wazanzibari dola ile tunaijua. Mwaka 1964 tuliitambua mapema kuliko wengine Afrika, na wao wakatujengea nyumba za Kikwajuni na Kilimani, jambo la kushukuru. Lakini walituletea na Stasi, idara yao ya usalama, kuja kufundisha usalama wetu. Walimu wenyewe walishindwa na mishumaa mwaka 1989. Jee, wanafunzi wao wamejifunza nini?

Januari 2001 waandamanaji Pemba na Unguja walipigwa risasi, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Kenya, wengi wakipokelewa Shimoni. Juni 2025 kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kusema hadharani juu ya utekaji. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na watu wakauawa. Kabla ya siku zote hizo amani ilihubiriwa sana. Aliyehubiriwa ni nani?

Najua jawabu litakalokuja: eti nataka misikiti na makanisa yawe matawi ya vyama. La hasha! Nikolai haikugawa kadi ya chama cha mtu. Ilitoa paa, subira, na pahala pa kuwakumbuka waliokamatwa. Nyumba ya ibada inayomfungulia mlango hata kada aliyetumwa kuipeleleza haina chama. Nyumba inayomtaja mfungwa haijafanya siasa, imefanya kazi yake.

Basi masheikh na maaskofu wetu wakiitwa tena ukumbini kuhubiri amani, wasikatae. Waende, na kabla ya kufungua mdomo waulize: kamanda wa polisi yuko wapi? Katibu wa chama yuko wapi? Nao watatia saini pamoja nasi kwamba hapatapigwa risasi? Wakiambiwa hilo haliwahusu, wajue wameitwa kutuliza watu, hawakuitwa kulinda amani.