Mashauri ya Nyumbani: Intaneti Ikatikayo kwa Saa Yake



Juma hili napenda tuzungumze juu ya taabu moja iliyoingia majumbani pamoja na intaneti. Mtu ana intaneti yake nzuri, taa za ruta zawaka, ada ya mwezi imelipwa. Mara intaneti yakatika, na baada ya dakika chache yarudi yenyewe, kana kwamba hapakuwa na neno. Kesho yake, karibu saa ileile, yakatika tena. Mmoja humlaumu fundi. Mwingine husema ni mvua, au ni watoto waliochezea waya. Mwingine hutoa fedha alizoweka kwa sare za shule akanunua ruta mpya, nayo ikakatika vilevile. Fedha imekwenda, na taabu imebaki.

Neno nitakalo kuwaambia ni moja. Intaneti ikatikayo kwa saa maalum haikatiki ovyo. Iko hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo yaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye saa, kalamu na daftari. Basi asikimbilie dukani kabla ya kuisoma.

Tuchukue mfano wa nyumba moja mjini Chake Chake, kisiwani Pemba. Nyumba yenyewe ni ya mfano tu, lakini yatakayotokea humo hutokea kweli, Pemba na kwingineko. Juu ya paa iko antena ya kampuni, na waya washuka mpaka kwenye ruta sebuleni. Mtoto wa kwanza yuko Maskati kwa kazi, naye huwapigia wazazi wake asubuhi kabla ya kwenda kazini. Binti amemaliza kidato cha sita, anajaza maombi ya mkopo wa chuo kikuu. Maombi hayo siku hizi hujazwa kwa mtandao, na yana siku yake ya mwisho. Kila siku, kama saa 1 asubuhi, intaneti hukatika. Mama hukatiwa sauti ya mwanawe, na binti hupoteza ukurasa aliokuwa akiujaza. Mnaona wenyewe kwamba jambo hili si mchezo.

Je, ni sisi peke yetu?

Swali la kwanza waulizeni majirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania nzima ilipata shida ya intaneti pamoja na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna la kufanya nyumbani ila kungoja. Tena umeme wenyewe wa Pemba hutoka bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, ulioanza kazi mwaka 2010. Umeme ukikatika, ruta nayo hulala. Lakini ikiwa umeme upo, na jirani mwenye kampuni ileile yu salama, na ninyi mwakatikiwa kila siku, basi tafuteni ndani ya nyumba yenu, au katika njia itokayo kwenu kwenda kwa kampuni.

Anwani ni ya kupanga

Kila chombo kinachotumia intaneti sharti kiwe na anwani, yaani namba, ili barua zake zisipotee njiani. Kwa utaratibu wa zamani, ambao bado hutumika sana, namba hizo ni bilioni 4 na ushee tu kwa dunia nzima, nazo hazitoshi. Tena ni kazi kubwa kumwandikia kila mtu namba yake kwa mkono. Kwa hiyo mwaka 1993 ukatolewa utaratibu uitwao DHCP, na mwaka 1997 ukaandikwa upya na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani. Maandishi hayo ya 1997 ndiyo msingi wa kazi inayofanyika katika ruta yako leo.

Katika utaratibu huu, kwa kawaida mtu hapewi anwani iwe yake daima. Hupangishwa, kama mtu apangavyo chumba. Mwenye nyumba asema, "Kaa hapa kwa muda wa saa 24." Mpangaji mwema hangoji muda uishe ndipo aulize. Nusu ya muda ikifika, humwendea mwenye nyumba wake kwa upole, wawili peke yao, akaomba aongezewe. Akikubaliwa, hesabu huanza upya. Asipojibiwa, huendelea kujaribu. Na muda ukifika sehemu saba katika nane, hupaza sauti mtaani ili mwenye nyumba yeyote mwenye idhini amjibu. Na ikiwa hata hapo hapana jibu, muda ukiisha hutoka chumbani na kuanza kutafuta upya.

Tuiweke katika saa zetu. Ruta ya nyumba ile ilipewa anwani saa 1 asubuhi, kwa muda wa saa 24. Saa 1 jioni yaomba mara ya kwanza. Saa 10 alfajiri yapaza sauti. Saa 1 asubuhi muda umeisha. Ruta yaiacha anwani, na intaneti yakatika. Kisha yabisha hodi kama mgeni, yapewa anwani, na intaneti yarudi. Taabu ya dakika chache asubuhi ilianza jana jioni, ombi la kwanza lilipokosa jibu.

Shikeni jambo hili: kuongeza muda kukienda sawa, hakuna atambuaye. Mazungumzo hayakatiki wala picha haigandi. Kinachokata ni ombi lisilojibiwa, au lililojibiwa vibaya.

Daftari kwanza

Sasa fanyeni hivi. Kwa siku nne au tano, kila intaneti ikatikapo, andikeni saa iliyokatika, saa iliyorudi, na vyombo vilivyopatwa: simu ya baba, simu ya mama, kompyuta ya binti. Kisha tazameni mambo matatu.

La kwanza: ni chombo kimoja au vyote? Maana kuna wenye nyumba wawili hapa. Kampuni huipangisha ruta anwani ya nje. Na ruta nayo huvipangisha vyombo vya nyumbani anwani za ndani. Vikikatika vyote kwa mara moja, shaka iko kati ya ruta na kampuni. Kikikatika kimoja tu, shaka iko ndani. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake imebisha hodi isijibiwe, ikajipa namba yenyewe. Nayo namba hiyo haifiki nje.

La pili: saa inasogea? Ikiwa leo ilikatika saa 1 kamili, kesho saa 1 na dakika 3, keshokutwa saa 1 na dakika 6, hiyo ni dalili kubwa. Kila mara hesabu huanza pale ilipopewa anwani mpya, kwa hiyo zile dakika za kukatika huongezeka siku hata siku.

La tatu, na ndilo jaribio lenyewe: zimeni ruta na kuiwasha tena kwa saa nyingine, tuseme saa 9 alasiri. Kesho yake mkiona kukatika kumehama kutoka asubuhi mpaka alasiri, shaka karibu imekwisha. Jua halijahama wala kampuni haijahama. Kilichohama ni mwanzo wa hesabu ya upangaji. Katika kuzima, tumieni swichi au chomoeni waya wa umeme. Msichokoe kile kitundu kidogo cha nyuma kwa sindano, maana hufuta mipango yote ya ruta, na fundi itabidi aanze mwanzo.

Mkiweza, ingieni ndani ya ruta kwa simu au kompyuta. Mara nyingi huandikwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1 mahali pa kuandika anwani ya tovuti, na neno la siri laweza kuwa limebandikwa chini ya ruta. Humo mna kumbukumbu za matukio. Neno ACK maana yake mwenye nyumba amekubali. NAK maana yake amekataa. Mkiona ombi juu ya ombi bila ACK, hapo ndipo penye kasoro. Kumbukeni kwamba ruta huhesabu saa tangu usiku wa manane: 07:00 yake ni saa 1 yetu ya asubuhi, na 19:00 ni saa 1 ya jioni. Tena ruta nyingi, umeme ukirudi, huandika tarehe ya mwaka 1970 mpaka zipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Msishtuke.

Dawa zake

Kila kasoro ina dawa yake, msitumie moja kwa zote.

Ikiwa kukatika ni kwa sekunde chache tu, tena ni katika nusu ya muda, pengine anwani iliongezwa vizuri, ila ruta yenyewe huyavunja mazungumzo yote kila iongezapo. Hiyo ni kasoro ya programu ya ndani ya ruta. Tafuteni programu mpya kutoka kwa mtengenezaji wa ruta hiyohiyo, au mwombeni fundi aiweke. Umeme usikatike wakati wa kazi hiyo, maana ruta yaweza kuharibika kabisa.

Ikiwa kukatika ni mwisho wa muda, kama katika nyumba yetu ya mfano, jibu la kampuni haliifikii ruta. Yamkini ulinzi wa ruta unalizuia, au kasoro iko upande wa kampuni. Jaribuni programu mpya kwanza. Isiposaidia, wapigieni kampuni, lakini msiseme tu, "Intaneti mbovu." Wasomeeni daftari: "Hukatika kila baada ya saa 24 tangu ruta iwashwe, vyombo vyote kwa pamoja, na maombi ya DHCP hayajibiwi." Mtu wa kampuni akisikia hivyo hawezi kuwaambia mzime na kuwasha tu.

Ikiwa vyombo hukatika kimoja kimoja bila mpango, ulizeni kama iko ruta ya pili. Mara nyingi mtu hununua nyingine ili waifai ifike vyumba vya uani, akaichomeka kwa waya bila kubadili kitu. Sasa nyumba ina wapangishaji wawili, wala hawasemezani. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zimeni DHCP katika ruta ya pili, mkiipa kwanza anwani yake isiyogongana na ya ruta ya kwanza, na waya uingie katika tundu la vyombo vya nyumbani. Iachwe kazi ya kueneza waifai tu.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, ruta nyingine husahau ni nani aliyempa anwani gani, hata vyombo viwili vikajikuta na namba moja. Viondoeni katika waifai na kuvirudisha, navyo vitaomba upya. Kwa chombo kikaacho nyumbani siku zote, kama printa ya dukani, ruta nyingi zaweza kukitengea anwani moja ya kudumu.

Kuhusu muda wenyewe, skrini nyingi huuandika "Lease Time". Nyumba ya watu walewale, saa 24 zafaa. Muda wa dakika chache huzidisha maombi bure. Lakini nyumba ya wageni au duka lenye wapita njia ni kinyume. Ruta yenye anwani 100 na muda wa siku 7 hujaza daftari lake kwa watu waliokwisha kuondoka, na mgeni wa leo akakosa nafasi. Huko punguzeni muda uwe saa chache. Fahamuni tu kwamba muda huo ni wa anwani za ndani. Ule wa nje huamuliwa na kampuni, ninyi hamwezi kuubadili.

Nanyi mtumiao ruta yenye kadi ya simu, upande wa nje hufuata taratibu za mtandao wa simu, si haya niliyoyasema. Lakini upande wa ndani, mambo ni yaleyale.

Wakati mnangoja fundi

Kampuni yaweza kuchelewa, na siku ya mwisho ya maombi ya binti haichelewi. Basi ikiwa kukatika kwenu ni kwa saa 24, fanyeni hila ndogo: zimeni ruta na kuiwasha saa 5 usiku, nyumba nzima inapokwenda kulala. Hesabu itaanza hapo, na kukatika kutahamia usiku, pasipo kumdhuru mtu. Hiyo si dawa, ni kutuliza maumivu tu; lakini asubuhi mama atazungumza na mwanawe mpaka mwisho, na binti atamaliza fomu yake. Naye binti ajifunze kuhifadhi kila ukurasa aumalizapo, asingoje wa mwisho.

Ninyi mlioko vijijini, ambako intaneti ya nyumbani bado haijafika, litunzeni shauri hili, au mpelekeeni mtoto aliyepanga mjini. Daftari la shilingi chache laweza kuwaokolea bei ya ruta nzima.

Kwaherini mpaka juma lijalo.