Fundi Asiondoke Kabla Nywila Hazijabadilishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu kuhusu usalama wa mtandao usio na waya, yaani waifai, katika shule na ofisi za umma.

Baada ya Sensa ya 2022, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, na siku hizi taarifa za wanafunzi hutumwa kwa mtandao hata kutoka vijijini. Hatua hiyo inastahili pongezi. Tatizo ni kwamba mafundi wengine wakishafunga ruta huiwasha, huonyesha kwamba inafanya kazi, kisha hupanda pikipiki na kwenda zao. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta hubaki ile ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni "admin" tu. Nywila ya waifai nayo hubandikwa ukutani, kila mgeni aisome.

Wapo wanaosema kwamba kufunga waifai ni uchoyo, kwani vijana wanaokaa chini ya mwembe na simu zao ni watoto wetu wenyewe. Siafikiani nao. Kifurushi kikiisha mapema, hiyo ni hasara ndogo. Hatari kubwa ni kwamba mawimbi hayazuiwi na ukuta wala mlango wenye kufuli. Mjanja aliyeingia ndani ya ruta anaweza kuwaelekeza walimu kwenye tovuti ya uongo na kunasa nywila zao. Hapo majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na namba za simu za wazazi vitakuwa mikononi mwake.

Kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa. Lakini sheria humshika mwizi akishaiba. Kufunga mlango ni kazi ya mwenye nyumba.

Tena kinga yenyewe haigharimu hata senti moja. Kwanza, nywila ya kiwandani ibadilishwe. Pili, ruta iwekwe kwenye ulinzi wa WPA2 wa 2004 au WPA3 wa 2018. Ule wa zamani uitwao WEP ulionekana kuwa dhaifu tangu 2001. Tatu, nywila ya waifai iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, wala isiwe jina la shule. Nne, kama ruta inaruhusu, wageni wafunguliwe mtandao wao wa pembeni. Vijana wetu watasoma bila kugusa kazi za ofisi.

Ninaziomba halmashauri zetu ziweke utaratibu kwamba hati ya kupokea kazi ya fundi isitiwe saini mpaka mwalimu mkuu mwenyewe awe amebadili nywila zote mbili. Wazazi wametukabidhi watoto pamoja na majina yao. Tuvilinde vyote viwili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iringa.